Ploti Kando ya Silanga

Nimechoka kuulizwa kwa nini nilijenga huku. Wageni wanafika kwangu, Kitengela ndani kabisa, viatu vimebeba udongo mweusi mpaka wanatembea kama wamevaa mawe. Wanatazama kushoto, wanatazama kulia, hawaoni barabara ya maana, halafu wanauliza, "Ilikuwaje ukaja kukaa hapa?" Huwa nawajibu kwamba wakati ule ploti zilikuwa bei nafuu. Ni uongo mtupu. Nilikuja kwa sababu ya samaki, na kwa sababu ya baba yangu.

Kwetu ni ziwani, magharibi, karibu na mpaka. Baba alivua kwa ndoana maisha yake yote. Nyavu aliwaachia wengine. Alisema nyavu ni kazi ya watu wasio na subira. Mama alipofariki, katikati ya miaka ya tisini, alibaki peke yake, na wakati huohuo gugumaji likafunika ufuo wote. Kijani kitupu, mtumbwi hautoki. Mimi nilikuwa karani Nairobi, nimepanga vyumba viwili na mke na watoto watatu. Nikamwomba aje tukae naye.

"Nije nikae nikitazama ukuta?" akasema. "Tafuta mahali pana maji ya kuvua. Siku utakayopata, siku hiyo nitapanda basi."

Nafikiri alisema hivyo ili nimwache. Mimi nikaichukua kama amri.

Basi nikaanza kutafuta ploti. Kila Jumamosi. Wenzangu ofisini walikuwa wanauliza kama kuna stima, kama kuna shule, kama hati miliki ni safi. Mimi nilikuwa nauliza kuhusu samaki. Nkoroi nilionyeshwa mahali pazuri, penye majirani wenye kazi zao, lakini maji yalikuwa ya mfereji, tena Jumatano tu. Oltepesi dalali alinionyesha korongo kavu, akaapa kwamba mvua ikinyesha linakuwa mto. Bisil nilifika siku ya soko, nikazunguka katikati ya mbuzi nikiuliza mto uko wapi, na mfanyabiashara mmoja Msomali akaniuliza kwa upole kama mimi ni mgonjwa.

Mke wangu alichoka kabla yangu. "Baba watoto," alikuwa akisema, "watu wanatafuta nyumba, wewe unatafuta kitoweo."

Halafu ikaja ile mvua kubwa ya El Niño. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hakuiona. Mahali pote palipokuwa pa vumbi pakawa maji. Dalali mmoja akanipeleka Kitengela, tukaacha lami, tukatembea saa nzima tukiwa tumevua viatu, na ghafla mbele yangu nikaona silanga. Huko ndivyo wanavyoliita bwawa la kunyweshea mifugo. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, bata wa mwituni wanaogelea, na fundi mmoja wa ujenzi alikuwa ameketi kwenye jiwe na kambare mkononi, mrefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Bado anapiga mkia. Walisema mafuriko ndiyo yaliyowaleta samaki kutoka mtoni. Nilisahau dalali yuko pale. Nilitaka kulia, haki ya Mungu.

Walimwita mzee jirani, mfugaji wa Kimaasai, ili anithibitishie mipaka. Nikamsalimu, "Sopa," akaitikia, "Ipa," na mimi nikaanza kumhoji. Humo ndani kuna samaki gani? Wanakaa upande gani? Kuna kina kiasi gani? Kuna nyoka?

"Mimi sijui mambo ya samaki," akasema. "Sisi hatukuli hiyo kitu. Hiyo ni maji ya ng'ombe."

Nikacheka. Nikanunua. Nilikuwa nimeuliza maswali kumi, na lile moja ambalo mtoto yeyote wa kifugaji angeanza nalo sikuliuliza: maji haya hukaa miezi mingapi? Kwetu swali hilo halipo. Ziwa liko. Babu alilikuta, baba akalikuta, nami nikalikuta. Sikujua kwamba kuna maji yanayokuja na kwenda.

Nilijenga haraka, mabati na mbao, na baba akatimiza neno lake. Alikuja na begi moja na kopo la mafuta ya kupikia lililojaa ndoana, kila moja imefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Hakuingia nyumbani kwanza. Alikwenda silangani, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Yana matope," akasema. "Lakini ni maji."

Siku ya tatu aligombana na yule mzee jirani. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye kona ambayo baba alikuwa anavua na kuchafua kila kitu, baba akapiga kelele kwa lugha yetu, mzee akajibu kwa Kimaasai, na hakuna aliyeelewa tusi la mwenzake. Mwishowe walikubaliana kwa vidole: ng'ombe upande ule, ndoana upande huu. Kuanzia hapo wakawa marafiki. Jirani alikuwa hampi baba mkono mpaka baba anawe, maana harufu ya samaki ilimtia kichefuchefu, lakini kila alasiri alikuja kuketi, akiwa ameweka nafasi ya hatua tatu hivi. Wote wawili Kiswahili chao kilikuwa cha kubahatisha. Waliongea nini, sijui. Nikitoka kazini niliwakuta wanacheka.

Jioni moja baba alikuwa anapasua kambare mlangoni. Hakuinua kichwa. Akasema, "Umepachagua vizuri." Huyo alikuwa mtu asiyesifu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na nilifurahi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mwaka uliofuata mvua haikuja, na ule mwingine haikuja kabisa. Maji yalianza kurudi nyuma. Baba alichomeka kijiti ukingoni, baada ya juma kijiti kiko kwenye nchi kavu, akachomeka kingine. Mimi ndiye niliyekuwa nasema: itanyesha, Baba, hii ni ya muda tu. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama dalali.

Mwishowe lilibaki dimbwi la kati, na samaki wote wamejazana humo, wanatoa midomo juu. Wakaanza kufa. Maji yakanuka, ng'ombe wakakataa kunywa. Jirani akaja, safari hii hakuketi.

"Mzee wa samaki," akasema, "toa watu wako. Ng'ombe yangu itakufa."

Baba akavua suruali, akaingia kwenye matope na kikapu cha mke wangu. Alivua mchana kutwa bila ndoana, akiwaokota tu, mtu aliyedharau nyavu! Hakuwahi kupata samaki wengi hivyo siku moja, na sijawahi kuona mtu anavua huku amenuna namna ile. Wa kuwala hawakuwepo. Majirani wetu wafugaji hawagusi, sisi tulikula hadi watoto wakakataa. Waliobaki tuliwakausha kwa moshi.

Baada ya siku chache jirani alihamisha mifugo, akaelekea kusini kutafuta malisho. Alipita kumuaga baba. "Mvua ikikuja, sisi tunarudi," akamwambia. "Na wewe rudi."

Baba alirudi kwetu juma lilelile. Gugumaji lilikuwa limeanza kupungua, alisema, na watu wake wako huko. Alibeba gunia la kambare wakavu. "Hebu fikiria," akaniambia kituoni, "natoka Kitengela napeleka samaki ziwani. Watanicheka mpaka kaburini." Alicheka yeye mwenyewe. Mimi nilishindwa kumtazama. Nilikuwa nimemtoa mtu kwake, nikamleta kwenye bwawa la ng'ombe.

Mvua ilirudi, bila shaka. Silanga likajaa, jirani akarudi na mifugo yake, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee wetu umemwita?"

"Ngoja kwanza," nikasema. "Nataka kuona kama yatakaa."

Hayakukaa. Kufikia Februari yalikuwa yamekwisha, na nikajiona mwerevu sana kwa kutomsumbua. Mwaka uliofuata vilevile. Ofisini nilikuwa nauliza habari za Thika, za Naivasha, za Sagana, mahali pa maji ya kudumu. Nilikwenda kutazama, narudi nimechoka, Jumatatu kazini. Miaka ikaenda hivyo. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitamwita baba mahali ambapo hatalazimika kuondoka.

Simu za mkononi zilipoingia, tuliongea kila Jumapili baada ya kanisa, kupitia simu ya dada yangu. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwaulizia watoto, alimuulizia mke wangu, halafu kila mara, bila kukosa: "Huko kumenyesha?"

"Kidogo tu, Baba," nilikuwa nikijibu, hata silanga likiwa limefurika na vyura wananizuia kusikia. Sikutaka kumtia matumaini. Tena niliona ni salamu tu. Wazee wote huuliza mvua.

Alifariki mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa zimekolea. Baada ya mazishi dada aliniita chumbani kwake. Chini ya kitanda kulikuwa na lile begi, limefungwa. Ndani mlikuwa na mashati mawili, sweta ya baridi ya Kitengela, na kopo. Nikafungua kopo. Ndoana zote zilikuwa zinang'aa, hazina hata doa la kutu.

"Kila Jumapili akimaliza kuongea na wewe anazitoa, anazipaka mafuta," dada akasema. "Anasema, bado hawajapata mvua ya kutosha, lakini mwaka huu wataniita. Miezi minne tu inamtosha, anasema, akae na yule rafiki yake, kisha arudi." Akanitazama. "Kwani huko hakunyeshi?"

Nikalifunga kopo.

Nilirudi Kitengela na kopo mkononi. Silanga lilikuwa limejaa hadi kwenye mawe. Jirani alikuwa ananywesha ng'ombe upande ule mwingine. Ile kona ya baba alikuwa bado anawazuia wasiingie, kwa fimbo, miaka yote hiyo. Aliponiona na kopo alisimama, uso wote ukafunguka.

"Mzee amekuja?"

Nikamwambia. Alishusha fimbo. Aliwatazama ng'ombe wanavyokunywa, kisha akanigeukia, na hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu.

"Lakini maji ilikuwa," akasema. "Kila mwaka ilikuwa."