Sanduku Ambalo Mama Hakulitaka

Mtaani walimwita Futi. Jina hilo alilipata kwa sababu aliweza kumtazama mtu mara moja tu na kukisia urefu wake bila kukosea. Kipaji kama hicho kingempendeza fundi cherehani. Yeye, hata hivyo, alikuwa akitengeneza majeneza. Akiingia kwa kinyozi, wateja walimgeuzia mgongo. "Futi, tazama pembeni, bwana," mmoja alipenda kumwambia, "mimi bado nipo nipo kwanza." Naye hucheka pamoja nao, kisha huinamisha macho.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka, mkabala na lango la hospitali. Duka lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe. Kiwanja nacho kilikuwa cha shemeji, na hata vyumba alivyoishi Futi na mkewe, watoto wao na mama yake mzazi viliegemea ukuta wa karakana hiyohiyo. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi: Futi aliunda, shemeji aliuza. Kati yao palikuwa na ukuta wa plaiwudi, na kila lililosemwa dukani lilimfikia Futi hata randa ikiwa kazini.

Ndiyo maana alilijua vizuri lile swali la shemeji kwa wafiwa. Jeneza la kawaida la mbao nyeupe, ambalo Futi alilipiga msasa kwa uangalifu uleule alioyapa mengine yote, liliwekwa nyuma ya mlango chini ya turubai. Mbele lilikaa kubwa la vanishi, lenye kidirisha cha kioo na vishikio vya shaba, nalo waliliita Heshima. Wafiwa walipoingia, shemeji hakumsukuma mtu. Alitoa kiti, akamimina maji ya kunywa, akangoja machozi yapungue, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Marehemu mlimpenda?" Nani atajibu hapana? Baada ya hapo walijisukuma wenyewe hadi kwenye kioo na shaba.

Haki ni kusema kwamba shemeji hakuwa mtu mbaya. Akifa mtoto mchanga, sanduku lake lilitolewa bure, wala jambo hilo halikutangazwa. "Mimi siuzi mbao, shemeji," alizoea kusema. "Nauza faraja. Mtu akizika vizuri, usiku analala."

"Na asubuhi anaamkia nini?" Futi aliuliza siku moja.

"Wewe piga randa," shemeji alijibu, na wote wawili wakacheka.

Aliyeumizwa na swali lile kuliko Futi alikuwa mama yake, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa karibu na ukuta, na umri ulikuwa haujamgusa masikio. Jioni moja, akichambua mboga alizozilima mwenyewe uani, alisema bila kuinua kichwa:

"Mwanangu, siku yangu ikifika, usinitie sandukuni."

"Mama, mazungumzo gani hayo?"

"Ya kweli. Nifunge katika shuka langu la bluu, unilaze udongoni, upande mti juu yangu. Wenzetu wangapi huzikwa kwa sanda tu? Nani kati yao kafufuka kulalamika?"

Futi alicheka. Mama hakucheka.

"Nimechoka kusikia watu wakiulizwa kama waliwapenda maiti wao. Sitaki wewe uulizwe. Jibu lako ninalo."

Futi akaahidi.

Mama alifariki asubuhi moja mvua zilipokuwa zikipungua, bila ugonjwa wa kumchosha mtu. Ndugu walipokusanyika, Futi aliueleza wosia kama ulivyokuwa. Mjomba wake, kaka pekee wa marehemu, alimsikiliza hadi mwisho.

"Shuka?" mjomba akauliza. "Mpwa wangu, watu baki umewalaza kwenye kioo na shaba, leo dada yangu umfukie kama mche wa mpapai?"

"Ndivyo alivyotaka, mjomba."

"Wazee tunasema mengi! Hata mimi husema nikifa nitupeni tu. Thubutuni muone!"

Wengine wakacheka, msiba ni msiba lakini mjomba ni mjomba. Kisha kicheko kikaisha, na macho yote yakabaki kwa Futi.

Shemeji alimwita karakanani, akafunga mlango. "Nisikilize, shemeji. Fundi wa majeneza akimzika mama yake bila jeneza, kesho nitasimama mbele ya nani? Kila aliyenunua kwetu atarudi kuuliza kwa nini tulimbebesha mzigo."

"Na kweli, kwa nini tulimbebesha?"

Shemeji aliketi juu ya rundo la mbao. Angetisha, Futi angepata ukuta wa kusukuma, lakini hakutisha. "Dada yangu anakula hapa," alisema taratibu. "Wanao wanakula hapa, nami, nawe. Nakuomba."

Mke wa Futi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. "Baba watoto," akasema, "mama ameshapumzika. Sisi ndio bado tupo."

Futi aliliunda Heshima kwa mikono yake. Shuka la bluu alilitandika ndani, chini ya satini, akajiambia kwamba nusu ya ahadi si haba. Makaburini watu walimsifu: "Huyo ndiye mtoto! Kamsitiri mama yake!" Mti haukupandwa, kwa sababu mjomba alikuwa amekwisha kuagiza zege.

Siku chache baadaye, mwanamke aliyeuza ndizi langoni mwa hospitali alipitiliza duka, akaingia moja kwa moja karakanani. Mama yake naye alikuwa ametangulia.

"Pole sana, dada," Futi alisema.

"Nawe pole, fundi. Nataka kama lile la mama yako. Niliwaambia wenzangu, ikiwa fundi mwenyewe, ajuaye siri zote za mbao, kachagua lile, basi ndilo."

Futi aliweka randa chini. Aliutazama ukuta wa plaiwudi, akasema hata hivyo: "Mama yangu hakulitaka. Aliomba shuka na mti. Nilimwahidi, nikashindwa. Nyuma ya mlango kuna la mbao nyeupe, ni imara kabisa. Lichukue hilo, dada."

Uso wa mwanamke ulibadilika. "Ahaa. La kioo kwa mama yako, la nyuma ya mlango kwa mama yangu?"

"Sivyo, dada, nilitaka kusema..."

"Nimekuelewa. Nauza ndizi, sawa. Lakini mama yangu siziki kwa huruma yako."

Akatoka akizunguka kuelekea dukani. Futi alisikia kiti kikivutwa. Hakusikia kilio, alisikia sauti ya mwanamke ikiwa juu na thabiti, ikitaja kioo, ikitaja shaba, ikitaka kila kitu bila kupunguza. Kisha shemeji akagonga ukuta kwa kidole.

"Shemeji! Heshima moja. Mazishi kesho."

Futi aliendea rundo la mbao. Alizigeuza moja baada ya nyingine, akaziacha zenye vifundo, akatoa zilizonyooka, kwa sababu hakuwahi kujifunza kufanya kazi vibaya.