Mkwaju wa Bibi na Dawa ya Tumbaku

Juzi nilikuwa mtaa wa Cheyo kwa mdogo wangu, nikasikia kitu kikidondoka kama manyunyu juu ya mabati mchana wa jua kali. Ukiisikia sauti hiyo, rafiki yangu, usitafute wingu. Tazama mti. Ni kinyesi cha viwavi, punje nyeusi kama mbegu za mchicha, na maana yake huko juu majani yanaliwa. Nilisimama uani na sahani mkononi, nikajiona nina miaka tisa.

Mwaka ule nondo walivamia mtaa mzima. Bibi aliyenilea alikuwa na mkwaju mkubwa, na kwenye tawi lake alitundika mzinga wa nyuki wa gome la mti, kama walivyofanya kwao kijijini. Chini yake tulianika karanga na kupikia wageni. Viwavi wakaharibu raha yote. Manyoya yao yaliangukia nguo zilizoanikwa, nasi tukajikuna hadi kutoka damu.

Bibi hakuwa na haraka. Alinielewesha kwamba nondo hutaga chini ya jani, mayai yamebanana kama ulezi. Kiwavi akishiba hushuka, hujificha udongoni, kisha hutoka nondo mwingine. Kwa hiyo tulichuma majani yenye mayai tukayachoma, tukachimbua udongo kuzunguka shina, na kuku wakala waliofukuliwa. Baada ya siku chache, tunarudia. Inachosha, lakini hata mtoto anaiweza.

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa akituchungulia juu ya ua wa mabua.

"Mama, mwaka huu unafuga nyuki na viwavi. Mwakani utaongeza siafu?"

"Wewe shona," Bibi alimjibu. "Wadudu niachie mwenyewe."

Kaka yake fundi alilima tumbaku. Asubuhi moja fundi akaja na bomba la mgongoni lililojaa dawa ya shambani. Mti wake alikuwa ameshaupulizia. Bibi alikuwa amekwenda hospitali ya Kitete kumpelekea mgonjwa uji, na aliniachia neno moja tu: mtu asiguse mkwaju mpaka arudi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Bibi yako anasemaje, nipulize?"

Shingo yangu ilikuwa inawaka moto kwa manyoya ya viwavi.

"Amesema upulize."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Mkwaju ulikuwa umechanua, na asubuhi nyuki wote huwa mauani. Mti wenye maua haupuliziwi dawa kali, hilo nalijua leo. Siku ile nilishangilia viwavi wakidondoka. Kufika adhuhuri nyuki nao walikuwa chini, wakizunguka vumbini kwa mabawa yaliyolegea.

Bibi aliporudi hakupiga kelele. Alichukua ufagio akawafagia polepole, kana kwamba wengine wangeamka. Kisha akamwuliza fundi nani alimruhusu. Fundi alinitazama. Mimi nikatazama miguu yangu.

"Nilijiamulia, mama," alisema. "Nisamehe."

Bibi alisema amesamehe. Lakini kila Ramadhani alikuwa akimpelekea bakuli la asali kwa uji wa futari, na Ramadhani iliyofuata hapakuwa na asali ya kupeleka. Je, alikwenda mikono mitupu basi, kusalimia tu? Hapana. Utani wa juu ya ua ulikwisha, zikabaki "habari za asubuhi" na "nzuri". Mvua zilizofuata nondo walitoka tena udongoni, kwa kuwa hatukuwa na moyo wa kuchimbua. Nyuki hawakurudi.

Leo mkwaju umekatwa, penye ua wa mabua pana ukuta wa matofali, na mtaani sijaona mzinga hata mmoja. Bibi kazikwa makaburi ya Wakristo, fundi makaburi ya Waislamu. Kutoka jikoni kwetu hadi kwenye cherehani yake zilikuwa hatua ishirini, nami nilizipita miaka na miaka nikijiambia nitasema kesho. Bibi alikufa akiamini jirani yake alimdharau.