Winfrida na Miche ya Mlali

Winfrida ni mtu wa udongo, na udongo hausemi. Nadhani ndiyo maana aliupenda. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la miwa, akakulia katikati ya kelele za mitambo na majirani wa kila kabila, akatoka hapo mkimya kuliko bibi harusi. Tulipanga chumba kimoja Kilakala, karibu na chuo, na kuna siku alishinda kutwa nzima bila kusema zaidi ya "habari" na "funga mlango". Yeye anasoma sayansi ya udongo; mimi, Shakila, nasoma sosholojia, na mdomo wangu haujui likizo. Tulielewana vizuri sana, kwa kuwa mmoja alisema na mwingine alisikiliza.

Mwaka wa mwisho tuliingia somo la mazingira linalochanganya wanafunzi wa fani zote. Mwalimu wetu, Dokta Fidelis, alitupanga wawiliwawili, kisha akatugeuza: mtu wa udongo akahoji watu, mtu wa watu akachimbe udongo. "Korongo moja lina udongo, lina watu, lina soko," alisema. "Ninyi mnataka kulisoma vipande vipande." Na atakayeingilia kazi ya mwenzake, wote wawili wakose alama. Nilikasirika. Kuhoji ndiyo kazi yangu, halafu napewa koleo! Lakini Winfrida aliogopa kweli. Somo hilo alishalifeli mara moja mwaka uliotangulia, na akilifeli tena anarudia mwaka mzima.

Tulipelekwa kijiji kimoja cha milimani, juu ya Mlali, ambako mvua zilikuwa zikiyakokota mashamba kuyapeleka bondeni. Chuo kilikuwa na miche ya mdalasini na parachichi ya kushika udongo, na Winfrida alitakiwa kujua kama wakulima wako tayari kuipanda. Akapita na dodoso lake nyumba kwa nyumba, akiwahoji wakuu wa kaya kama polisi anayeandika maelezo. "Unapenda miti? Ndiyo au hapana?" Mimi nilikuwa shimoni, tope hadi magotini, nimeuma ulimi. Jioni akarudi anatabasamu.

"Wote wamesema ndiyo."

"Wote?"

"Wote."

Nyumbani kwetu hatukubaliani wote hata kuhusu chumvi ya mchuzi. Lakini nilikumbuka alama zetu, nikaendelea kuosha tope miguuni.

Miche ikapelekwa. Tuliporudi wiki kadhaa baadaye, tuliikuta imepangwa vizuri kivulini nyumbani kwa Mzee Mikidadi, mmoja wa waliosema ndiyo, ambaye shambani kwake ndiko nilikochimba, imemwagiwa maji, inapendeza, na hakuna hata mmoja uliopandwa. Nyumba nyingine hali ilikuwa hiyohiyo. Winfrida akakaa kwenye jiwe, machozi yakamtoka.

"Nimefeli tena, Shakila."

Roho iliniuma, nikaketi naye kwenye jiwe.

Alipomaliza kulia akafanya anachokijua. Alishuka kwenye shimo langu, ambalo ripoti yake nilishaikabidhi, akachota udongo, akauloanisha, akauviringisha vidoleni. Kisha akavuka mpaka hadi shamba la jirani, lenye miparachichi mikubwa, akafanya vilevile. Alivuka na kurudi mpaka nikachoka kumtazama.

"Udongo ni uleule," alisema. "Mteremko uleule. Kule kuna miti, huku hakuna. Basi sababu haiko kwenye udongo."

"Iko wapi?"

"Kwa watu," akasema, na uso ukamshuka.

Dodoso akaliacha kwenye begi. Akamfuata Mzee Mikidadi, aliyekuwa akipalilia maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile miti ya jirani aliipanda nani?"

"Hamza. Pale ni kwao, ardhi ya mama yake."

"Na hapa?"

Mzee akaegemea jembe. "Hapa mimi nimeoa. Hii ni ardhi ya lukolo, ya ukoo wa mke wangu. Maharage navuna, yanaisha. Mti hauishi. Nikiupanda, shemeji zangu watasema Mikidadi ameanza kujimilikisha."

"Sasa mbona ulisema ndiyo?"

"Uliniuliza kama napenda miti. Naipenda sana. Si unaona ninavyoimwagia maji?"

Winfrida akaangua kicheko. Miaka yote ya kuishi naye sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, na mzee naye akacheka mpaka akaliachia jembe.

Siku ya mrejesho Dokta Fidelis alikuja mwenyewe, watu wakakusanyika uwanja wa shule. Winfrida angeweza kusoma asilimia zake na kukaa. Badala yake aliikunja karatasi yake.

"Niliwauliza wanaume kama watapanda miti," alisema. "Wote walisema ndiyo. Ardhi ni ya koo za wake zao, na wake zao sikuwauliza. Kwa hiyo majibu niliyoandika hayafai. Hilo la ardhi ndilo nililolipata."

Wanaume ndio waliocheka kwanza. Dokta akainama kuandika, na huwezi kujua anaandika nini. Ndipo Bi Shamsia, mke wa Mzee Mikidadi, akanyoosha mkono.

"Binti amesema kweli," alisema. "Ila naona anaandikiwa alama, na sisi bado hatujaulizwa."

Dokta akaweka kalamu chini. Winfrida akapita katikati ya watu mpaka kwenye mkeka wa akina mama, akaketi nao. Hakuwa na karatasi.

"Shikamooni, mama zangu. Miti hii mnaitaka?"

Wakaanza kujadiliana kwa Kiluguru. Walibishana, mmoja akasimama akavutwa kanga akae, wakaanza upya. Mimi ningekuwa nimeshawakatiza mara kumi. Winfrida alisubiri tu, ametulia, kama vile siku nzima ni yake. Nilimwonea wivu, nasema wazi.

"Mdalasini tunautaka," Bi Shamsia alisema hatimaye. "Parachichi rudini nazo, kivuli chake kitatuharibia maharage. Na mashimo atachimba Mikidadi. Namtuma mimi."

Dokta Fidelis akamwambia Winfrida palepale kwamba amefaulu. Sidhani kama alimsikia. Alikuwa anamtazama Mzee Mikidadi, ambaye alishainuka kwenda kuchukua jembe, akimwambia kila shemeji aliyempita kwamba ametumwa.