Beji Iliyofungiwa Kwenye Droo

Juzi huku ughaibuni, kwenye treni ya metro ya kwenda Al Sadd, mbele yangu walikaa akina dada wawili Wakenya, wapiga eksirei. Mkubwa alikuwa akieleza kwamba kuna serikali zinazowalipa fidia waliodhuriwa na mionzi, mradi wathibitishe.

"Ndiyo maana tunavaa hii," akasema, akigusa beji kifuani, ile inayorekodi mionzi inayompata mvaaji.

Mwenzake akajipapasa kifua kitupu. "Yangu naifungia kwenye droo, dada. Sitaki ichakae."

"Haya! Basi siku ukiomba fidia, itathibitisha kwamba droo haikuugua!"

Mwenzake alicheka mpaka akajifuta machozi, nami pia. Ndio sisi hao, tunaofungia vikombe vizuri kabatini tukingoja wageni. Lakini mionzi ni mgeni asiyepiga hodi.