Soprano Aliyeachwa Nje ya Ruta

Harerimana hajui kuimba, na afadhali tuseme wazi mapema: hajui hata kidogo. Akifungua mdomo kanisani, walio mbele yake hugeuka kuangalia kumetokea nini. Lakini intaneti ikigoma popote mjini Kamembe, anayeitwa ni yeye. Anakuja na mkoba wake mweusi, anavua viatu mlangoni hata akikatazwa, kisha anauliza, "Ruta muliificha wapi?" Maana watu huificha jamani! Nyuma ya kabati, chini ya rundo la vitenge, halafu wanalalamika eti intaneti haifiki chumbani.

Kazi hiyo aliianza Bukavu, alikozaliwa na kukulia, na wazazi wake waliporudi kwao Rwanda alikuja nayo. Ukimwuliza fayawoli ni kitu gani, atakuambia ni planton, yule mzee anayekaa mlangoni mwa ofisi. Wa ndani akitoka, planton hana neno. Wa nje akija kubisha bila miadi, anarudishwa. "Sasa kama unangojea mugeni," Harerimana huwaambia wateja, "unamwambia planton: akija muntu kwa mlango namba hii, mupeleke kwa kiti cha tatu. Basi." Wateja huitikia kwa vichwa kana kwamba wameelewa, na baadhi yao huelewa kweli.

Mwaka jana mke wake Mukantwari, mwalimu wa shule ya msingi, alihamishiwa Bweyeye, kule kando ya msitu wa Nyungwe. Alikwenda na binti yao mdogo, Iriza. Kwa moto, yaani pikipiki, na kwa miguu, safari ilimaliza siku nzima, kwa hiyo akawa anarudi mwisho wa mwezi tu. Harerimana alijifunza kupika maharage yake mwenyewe, akayaunguza, akazoea. Kilichomliza mkewe hakikuwa maharage. Kilikuwa kwaya.

Mukantwari alikuwa soprano wa kwanza, na kiongozi wa kwaya, Papa Gisa, ana kanuni moja isiyo na huruma: ukikosa mazoezi Jumamosi tatu mfululizo, unarudisha joho na nafasi yako anapewa mwingine. Mzee huyo alishamnyang'anya joho dada yake wa tumbo moja, kwa hiyo usidhani anatania.

Harerimana akamwendea. "Papa, na kama atakuwa anaimba toka Bweyeye, kwa kompyuta ya ukumbi wa kanisa?"

Papa Gisa alifikiri akikuna kidevu. "Akisikika, yupo. Asiposikika, hayupo. Siongezi kitu."

Simu ya kawaida walishaijaribu. Simu hizi zimetengenezewa maongezi. Zikisikia noti ndefu zinadhani ni kelele na kuikata, na Mukantwari akawa anasikika kama kuku anayefukuzwa. Kwa hiyo Harerimana aliweka kwenye kompyuta ya ukumbini programu ya sauti ambayo angeweza kuizuia isikate chochote, akafungua mlango wake kwenye fayawoli ya ruta, akamwagiza planton wake: anayekuja huku, mpeleke kiti cha tatu, ndipo kompyuta ilipo. Ijumaa mchana akampigia mkewe wajaribu. Sauti iliingia safi kabisa. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, vibaya kama kawaida.

Jumamosi, kimya. Kwaya imejipanga, Papa Gisa anatazama saa, na Mukantwari anaandika kwenye simu: "Papa Iriza, niko nabisha tu, hakuna muntu anafungua." Harerimana alizima, akawasha, akatoka jasho. Wapi!

Wiki iliyofuata aliianzisha ruta upya, kompyuta ikapata tena kiti cha tatu, akafungua mlango, akajaribu Ijumaa, ikaitika vizuri. Jumamosi, kimya tena. Papa Gisa akasema kwa sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko ukali, "Mbili." Dada mmoja wa soprano ya pili alikuwa ameshaanza kulitazama joho kwa jicho la kulipima. Harerimana aliona aibu, aibu kali ya fundi anayefungulia mji mzima milango na kumwacha mkewe nje.

Jumamosi ya tatu alifika saa mbili kabla ya mazoezi. Alimkuta Maman Eugénie, mtunza ukumbi, akichomeka nyaya za umeme ukutani moja baada ya nyingine.

"Maman, kwani zilikuwa zimetoka?"

"Mimi nazitoa kila Ijumaa magaribi," akajibu bila wasiwasi. "Radi, mwanangu! Unataka ituchomee kanisa?"

Harerimana alibaki ameshika kichwa. Kila nyaya zilipochomekwa upya, ruta iligawa viti upya kwa vyombo vyote, kinachoamka kwanza kinakalia kiti cha kwanza. Akafungua orodha ya ruta. Kwenye kiti cha tatu, imetulia zake, ilikuwa printa.

"Eh, Mungu wangu! Jumamosi mbili nzima bibi yangu anabishia printa!"

Maman Eugénie alicheka mpaka akakaa chini. Harerimana hakumlaumu, kwani radi za huku si za mchezo. Aliiandikia kompyuta kiti cha kudumu ambacho chombo kingine kisingeweza kukichukua, akachomoa nyaya zote, akazichomeka, akajaribu mara nne. Ikaitika mara nne.

Basi kwaya ikajipanga, na kutoka kwenye spika ikatoka sauti ya Mukantwari ikiwasalimu wote: "Bonjour bote! Muko muzuri?" Ukumbi ukalipuka vigelegele. Papa Gisa akainua mkono, wimbo ukaanza, na hapo hapo ukaanza kuzama. Sauti ya Mukantwari ilikuja imechelewa kidogo, kwaya ikamngoja. Yeye naye akaisikia kwaya imechelewa, akaingoja. Wakangojana hivyo hadi wimbo wa Pasaka ukawa wa mazishi.

"Simama!" Papa Gisa aling'aka. "Huku si kuimba."

Harerimana, asiyejua noti, alijua sauti inavyosafiri. "Papa, yeye aongoze, ninyi mumufuate kama munavyomusikia. Na mimi nitamuzibia masikio, asiwasikie kabisa."

Kisha Mukantwari akauliza polepole, "Nitaimba peke yangu huku? Nitajua namna gani kama muko nyuma yangu?"

"Hautajua, Maman Iriza," akasema mumewe, na roho ilimwuma kusema hivyo. "Imba tu mpaka mwisho. Mimi nitakufungulia."

Akamhesabia, moja, mbili, tatu, akafunga sauti ya kwenda Bweyeye.

Mukantwari akaimba. Huko katika chumba chake hakusikia besi wala tenori, hakusikia mtu yeyote, na hata hivyo alisonga mbele beti zote nne, akinyamaza pale wanapopaswa kujibu, akiwangoja watu asiowasikia, kisha akiendelea. Ukumbini walimjibu kwa nguvu hadi vioo vikatetemeka. Harerimana alishikilia kipanya kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na hakujali nani anamwona.

Noti ya mwisho ilipoisha, akafungua sauti.

"Allo?" sauti ikatoka kwenye spika, ndogo, ya woga. "Bamama? Muko? Ama niliimba bure?"

Papa Gisa akasogea hadi mbele ya maikrofoni, akaweka mikono kiunoni. "Soprano! Ubeti wa tatu umekimbia. Unakimbilia wapi? Na mdomo ufunguke, hatuli ugali hapa!"

Halafu kutoka Bweyeye kikaja kicheko kikubwa kilichochanganyika na kilio, na sauti ya mwanamke ikimwita binti yake kutoka uani.

"Iriza! Iriza, kuja usikie! Papa Gisa ananigombeza!"