Nilichagua pickup kuwa gari la familia, na sababu nikaificha hata kwa mume wangu

Wakuu, mbukwenyi.

Kwa wasio wa huku Dodoma, hiyo ni salamu tu, msiogope. Ninayosimulia ni ya kweli na anayechekwa humu ni mimi, kwa hiyo chekeni bila wasiwasi.

Nianze kwa kukiri.

Ile double cabin nyeupe ya hapa Miyuji, ile ambayo pua ikishaingia getini mkia bado uko barabarani, siku zote nimesema ni chaguo la mume wangu. Nimesema hivyo kazini, kanisani, saluni, na hata kwa fundi aliyeniuliza tu natumia oil gani.

"Mambo ya wanaume hayo," huwa nasema, natikisa kichwa kama mke mvumilivu.

Si kweli. Niliichagua mimi. Yeye aliipinga tangu nilipoitaja.

Mnielewe kwa nini nilikana. Nafundisha chuo kimoja hapa mjini, na nina mhadhara mmoja unaopendwa sana kuhusu watu wanaonunua vitu vikubwa ili nao waonekane wakubwa. Mfano wangu wa kila mwaka ulikuwa mtu wa mjini mwenye pickup kubwa isiyobeba kitu. Wanafunzi walikuwa wanacheka mpaka wanagonga meza.

Halafu asubuhi moja wakaniona nashuka kwenye mfano wenyewe, nimeshika mlango kwa mikono miwili nisije nikadondoka.

Basi nikasema ni ya mzee.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Tulikuwa na kigari kidogo cha chini. Mjini kilitutosha. Shida ilikuwa Mlali, kule Kongwa, kwa mama yangu. Ukishaacha lami kuna korongo la mchanga, na kile kigari kikifika pale kilikuwa kinakaa chini kama kuku anayetaka kutaga. Tulisukuma mpaka tukazoeana na wenyeji wa pale. Mwishowe engine ikafa, tukaitisha kikao cha familia.

Mume wangu, Baba Furaha, ni mkaguzi wa hesabu, mtu wa Rombo, kule Kilimanjaro, mpole, anayekunja hata soksi. Alikuja na gari lake tayari kichwani: viti saba, kiyoyozi mpaka nyuma, mahali pa kuweka vikombe. Watoto wakapiga makofi.

Mimi nikasema, "Nataka pickup."

Makofi yakakatika.

"Mama Furaha," akasema taratibu, "unafungua hardware?"

"Nataka gari la kufika Mlali na kubeba magunia."

"Magunia gani? Mama anatupa karanga kidogo na kifurushi cha mlenda mkavu. Hivyo hata kwenye pochi yako vinaenea."

Furaha, binti yetu mkubwa, naye akatia lake: "Mama, nikishushwa shuleni na pickup wataniita binti wa mkandarasi."

"Bora hilo," nikamjibu. "Wangekuita binti wa mwalimu usingepata hata marafiki."

Nikamwaga hoja. Mchanga, mvua, shamba, uimara wa chasisi. Nilizungumza kama mtu anayetetea tasnifu. Hoja zote zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yenyewe.

Sababu ilikuwa macho ya mama.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anamimina chai nje ya kikombe. Siku moja nilimkuta anasalimia shuka lililoanikwa, analiuliza habari za nyumbani kwake. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Daktari alisema upasuaji wenyewe si mkubwa, ila asicheleweshwe, na ni lazima akae mjini, karibu na kliniki, yaani kwangu.

Na mama hakuwahi kulala kwangu tangu niolewe.

Hapa wadau wa Ugogoni wameshanielewa. Wengine niwaeleze.

Kwa wazee wa aina ya mama yangu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali sahani moja, hawashikani mikono, hawasogeleani. Mama ni Mkristo wa kwaya, anatuma voice note ndefu kuliko mahubiri, lakini hilo la mkwe halijadiliwi.

Sasa Baba Furaha, tulipokuwa bado wachanga kwenye ndoa, alienda kumchukua aje kututembelea. Kwa upendo kabisa akamshika mkono, akamfungulia mlango wa mbele, akasema, "Karibu mama, kaa hapa karibu na mimi tupige stori."

Alidhani hiyo ndiyo adabu.

Mama akakitazama kile kiti. Akaitazama gia pale katikati, akapima magoti yao yatakavyokaa. Ghafla akakumbuka kuku wake hawajafungiwa. Akaingia ndani, na hakutoka tena.

Mwenzangu alirudi mjini amenyong'onyea. Aliamini mama hampendi. Nilimweleza, hakukubali. "Mama anayetuma voice note kwenye group leo ashindwe kupanda gari? Sema tu hanitaki." Ukawa mfupa kooni mwake. Kila sikukuu alimnunulia kitenge, anakituma kupitia kwangu, halafu ananiuliza, "Amekivaa?"

Najua mnachotaka kuuliza: si ungeenda kumchukua mwenyewe?

Nilienda. Haya ndiyo majibu niliyopata:

"Mage, nikiingia nyumba ya mtu bila yeye kuja kunichukua, nimekuwa mkimbizi. Mkwe aje."

"Akija utapanda?"

"Pale ubavuni kwake? Hapana. Hata nyuma ya kisogo chake, hapana."

"Sasa mama, aje au asije?"

"Aje. Lakini asiwe karibu."

Wakuu, nina shahada mbili na hakuna darasa lililonifundisha kutatua hilo. Aje, lakini asiwe karibu. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Jibu nililipata kwenye foleni ya magari. Mbele yangu kulikuwa na pickup chakavu. Ndani wamekaa akina mama wawili wanaongea kwa mikono. Nyuma, kwenye bodi, mwanaume amekalia gunia la mkaa, ameipa kabini mgongo, anatafuna muwa.

Amekuja nao. Hayuko karibu nao.

Nikapiga honi kwa furaha. Aliyekuwa mbele akanitukana, nikampungia mkono.

Ila sasa, unamwambiaje mume wako, mkaguzi wa hesabu, kwamba unataka mnunue gari ili yeye akae kwenye bodi? Nilishindwa. Ndiyo maana niliongelea magunia mpaka akakubali kwa kuchoka.

Siku ya safari niliendesha mimi. Tulipofika Mbande tukanywa chai, na pale ndipo nikamwaga yote. Akaweka kikombe chini. Akatazama malori yanavyopita.

"Kwa hiyo hajawahi kunichukia?"

"Hajawahi. Vitenge vyako ndivyo anavyovaa kanisani."

Kisha akageuka akaitazama pickup, kuanzia taa mpaka mkia.

"Na wewe, Mama Furaha, umeninunulia gari zima ili nikae nyuma na magunia."

"Ndiyo."

"Na magunia yenyewe hakuna."

"Tutayapata."

Akacheka mpaka mama ntilie akaja kuangalia kama amepaliwa.

Korongo tulilivuka kama hakuna kitu. Nilipiga honi kuwasalimia wasukumaji wetu wa zamani, wakasimama wameshika viuno, wanasikitika kidogo kwa kupoteza wateja.

Mama alikuwa ameshajifunga kitenge cha safari, kibegi kiko miguuni, na sura yake inasema wazi kwamba anaweza kughairi muda wowote. Baba Furaha akashuka, lakini hakumkaribia. Akasimama mbali, upande wa zizi, akainama kidogo.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba baba," mama akajibu, ameelekea upande sauti ilikotoka. Kisha akaniuliza kwa kunong'ona, "Yeye anakaa wapi?"

Sikuhitaji kujibu. Tulisikia bodi ikilia. Mume wangu, na suruali yake iliyopigwa pasi, alikuwa ameshapanda nyuma, amekalia gunia la alizeti ambalo kaka yangu alikuwa amelipakia, ametupa mgongo.

Mama akasikiliza kidogo. Akaelewa.

Akaagiza kigoda, akakanyaga, akapanda kiti cha mbele kama anayepanda jukwaani. Akaipapasa dashibodi, akapapasa mlango, akauma midomo asionyeshe furaha.

"Gari hili lina nafasi ya watu," akasema.

Wakuu, nimepata vyeti vingi maishani. Sikuwahi kujisikia kama nilivyojisikia pale.

Ili polisi walioko humu jukwaani wasinitafute: Baba Furaha alikaa nyuma kwenye barabara ya vumbi tu, mwendo wa kinyonga. Tulipofika lami alishuka, mwekundu kwa vumbi kama tofali la kuchoma, akatupungia mkono, akapanda basi. Gari lake, mafuta yake, yeye kwenye basi. Alitutangulia kufika, maana mama alinisimamisha njia nzima akiuliza hapa ni wapi na pale ni kwa nani.

Nyumbani hakukuwa na shida. Nyumba ina milango, na mwenzangu alijifunza kukohoa kabla ya kukata kona ya korido. Watoto nao wakawa wanakohoa, kwa utani tu. Jicho la kwanza likafanyiwa upasuaji. Bandeji ilipotolewa mama alimtazama Furaha kwa muda, akasema, "Kumbe umekuwa mrefu hivi na hukuniambia." Akarudi Mlali kwa utaratibu uleule, Baba Furaha kwenye bodi.

Sasa mateso ya pickup.

Ukiwa na pickup Dodoma, Jumamosi si yako. Watu wanahama kila wiki. Mwalimu mwenzangu akianza na "Shikamoo dada," na hajawahi kuniamkia, ujue ana kabati la kuhamisha. Kanisani nabeba spika za kwaya. Msibani nabeba viti na turubai. Kupark ni mtihani: nikiingia sokoni walinzi wanasogea wote, kila mmoja anaelekeza kwa lugha yake. Chuoni kuna aliyeniuliza, "Vipi, umepata tenda ya mchanga?"

Watoto walichoka. Mimi mwenyewe nilikuwa naegesha mbali na ofisi.

Kisha mkandarasi mmoja akaipenda. Akataka kuinunua, aje kuiona Jumapili baada ya ibada. Baba Furaha akanikalisha chini.

"Mama Furaha, kazi tuliyoinunulia imekwisha. Mama anaona. Tuchukue lile la viti saba."

"Bado jicho la pili."

"Kwa jicho la pili tutakodi pickup ya mtu."

Nikasema mkwe wa kukodishiwa gari si mkwe wa kuja kumchukua mtu. Akasema hapo sasa natunga mila yangu mwenyewe. Inawezekana. Kilichoniuma ni kingine. Nilijua tukianza kukodi, safari itaahirishwa kwa mvua, itaahirishwa kwa mwisho wa mwezi, na mama, asiyependa kusumbua watu, atasema jicho moja linamtosha. Nikampigia nikamwambia gari linauzwa, ajiandae kuja mapema. Akajibu, "Sawa mwanangu," na hakusema zaidi.

Hapo nilijua jicho la pili limekwenda.

Kabla sijamalizia, niseme nilichojifunza. Watu watakushauri gari la familia kwa idadi ya viti. Mimi nasema hesabu watu wako kwanza, ujue nani anakaa na nani, na nani hawezi kukaa na nani. Familia nyingine zinataka viti saba. Yangu ilitaka viti vitano na umbali. Na ule mfano wa mhadhara nimeufuta. Nikiulizwa sasa hivi gari ni la nani, nasema langu, nimelichagua mimi, na naegesha mbele ya ofisi, kwenye kivuli. Wenye kucheka, uwanja ni wenu hapo chini. Na kama kuna mwenye pickup anayejua namna ya kuwakwepa wenye makabati, tafadhali asipite kimya.

Sasa nimalizie: kuna simu ilipigwa.

Jumamosi, siku moja kabla ya mkandarasi kuja, Baba Furaha alikuwa anaiosha pickup ili ipendeze machoni pa mnunuzi. Simu yake ikaita. Akaitazama, akafunga maji, akajifuta mikono kwenye shati.

"Ni mama," akasema. "Amenipigia mimi."

Tangu tuoane, mama hakuwahi kumpigia. Kila neno lilipita kwangu: mwambie mkwe hivi, msalimie mkwe. Baba Furaha akasimama wima kama yuko mbele ya bosi, akaweka loudspeaker ili nami nisikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo mama."

Kuku wakasikika kwa nyuma.

"Baba, siku ile jua lilikuchoma kwa ajili yangu. Na lile gunia ni gumu. Nimekushonea mto wa kukalia, nimeujaza pamba. Uzi nimeutunga kwenye sindano mimi mwenyewe."

Mume wangu akafumba macho.

"Sasa Mage ananiambia gari linauzwa," mama akaendelea. "Nikawaza, huu mto nitampa nani?"

Baba Furaha alikohoa, kama anayetaka kukata kona ya korido.

"Usimpe mtu, mama," akasema. "Nakuja kuuchukua. Na wewe ujifunge kabisa, tunakuja kwa lile jicho la pili."