Bisi za Pinki

Mwaka jana nilimpeleka mwanangu kwenye maonesho ya wakulima hapa Mpanda. Kabla hatujafika getini nikasikia harufu ya mahindi yanayokaangwa kwa mafuta na sukari, ile harufu tamu yenye kuungua kidogo. Mwanangu alinivuta mkono, anataka bisi. Nikamwambia asubiri kwanza, nikasimama kando ya njia nikipekua mkoba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Sikuwa nimepoteza kitu. Nilikuwa natafuta pumzi.

Ngoja niwasimulieni nyie, maana hata mume wangu sijawahi kumsimulia yote.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa pembezoni mwa mji, kwenye nyumba iliyotazamana na nyingine, katikati uchochoro ambao mtu angeweza kuuvuka kwa hatua nne. Upande huu tulikuwa sisi, wakulima wenye asili ya Burundi. Babu ndiye aliyekuja akikimbia vita. Baba alizaliwa hapa hapa Tanzania, lakini bado kuna watu mtaani waliotuita "watu wa kambini". Upande wa pili alikaa Mama Salma, ambaye mumewe alikuwa na duka karibu na stesheni. Wao Waislamu, sisi Wakatoliki. Yeye na Mama hawakuwa na udugu wowote wala kabila moja. Walikutana kwenye mapishi.

Mama Salma ndiye aliyemfundisha Mama kupika dengu: kuziloweka, kuzichemsha mpaka zipasuke, halafu kuziunga kwa vitunguu, tangawizi na binzari. Kwao dengu zilitiwa nazi, lakini nazi Mpanda ilikuwa ni ya kungojea treni, kwa hiyo Mama akasaga karanga akazitia badala yake. Mama Salma alionja, akafumba macho.

"Mama Konso," alisema, "nikiwapikia hivi ndugu zangu, hakuna atakayetaka tena nazi."

Mama naye alimfundisha maharage ya mawese, na kisamvu kilichotwangwa mpaka kikawa laini kama uji. Bakuli letu la bati lilivuka uchochoro karibu kila siku. Likienda na hiki, linarudi na kile. Mimi Konsolata, mtoto mkubwa, ndiye niliyelibeba, na kila nikilibeba nilijiambia kwamba siku moja na mimi nitakuwa na pishi langu, watu wazima wataonja na kufumba macho.

Mwaka ule mama hawa wawili waliamua kukaanga bhajia za dengu na kuziuza kwenye maonesho. Siku ya kwanza walituchukua sisi watoto wote: mimi, mdogo wangu Neema aliyekuwa na miaka minne, na Salma wa miaka sita. Nakumbuka spika zilizopigiana kelele, matrekta mapya yanayong'aa, barafu za ukwaju, kashata, mishikaki. Lakini kilichonishika ni kisanduku cha kioo ambamo bisi zilikuwa zinaruka zenyewe. Zilikuwa za pinki! Sikuwa nimewahi kuona chakula cha rangi ile. Mama alikataa kutununulia.

"Sijui rangi hiyo wameitoa wapi," alisema. "Kuleni bhajia."

Siku hiyo hiyo Baba alinunua mbegu za mahindi za msimu unaokuja. Jioni alichana pakiti moja amwoneshe jirani, wakazisifia, kisha akaiweka stoo na nyingine. Mimi nilikuwa nje naosha vyombo. Sikuona kilichokuwa ndani, wala sikusikia walichosema.

Siku ya tatu Mama na Mama Salma walituacha nyumbani. Baba alikuwa shambani. Nilipewa kazi ya kuwaangalia wadogo na kuchambua dengu za kesho yake. Kiasi cha saa nne asubuhi nikaingia stoo kuchukua ungo, na pale chini, kwenye pakiti iliyochanika, nikaona mahindi ya pinki.

Siwezi kuwaeleza furaha niliyoipata. Kumbe hiyo ndiyo siri yenyewe! Bisi za pinki zinatokana na mahindi ya pinki! Niliona kwamba mimi ndiye mwenye akili kuliko watu wote wa Mpanda, Mama akiwemo. Pembeni ya pakiti palikuwa na picha ndogo ya kichwa chenye macho makubwa meusi na meno. Nilikitazama, nikaamua ni tumbili. Tumbili walikuwa wanatumalizia mahindi shambani kila mwaka, kwa hiyo niliona ni jambo la maana: haya ni mahindi ambayo tumbili wamekatazwa.

Niliwasha mkaa, nikatia mafuta kwenye sufuria na mahindi viganja viwili. Hayakuruka. Machache yalipasuka kidogo tu, mengine yakabaki magumu na kuwa meusi, na moshi wake ulikuwa mkali, ukaniwasha pua. Nikadhani nimekosea mafuta. Nikanyunyiza sukari nyingi, nikapakua kwenye sahani, nikawaita.

Neema alikula kwa sababu alikula kila kitu. Salma alitafuna, akasimama.

"Dada Konso, zinachoma ulimi."

"Tafuna na sukari," nikamwambia.

Maneno hayo matatu nimeyasikia kichwani mara nyingi kuliko sala zote nilizofundishwa. Salma alitii. Mimi mwenyewe nilikula nne, nikaona hazina utamu, na zilizobaki nikawamwagia kuku.

Sijui ulipita muda gani. Nilikuwa nimekaa na ungo wa dengu nilipomwona tetea mmoja wa Mama anarudi kinyumenyume. Nilicheka, hata nikamwita Neema aje aone. Kisha kuku akapinda shingo mpaka kichwa kikagusa mgongo, akaanguka, akapigapiga mabawa, akatulia. Wa pili alikuwa tayari amelala chini ya kibanda cha jiko.

Nilirudi stoo, nikaiokota pakiti, nikaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Chini ya kidevu cha yule tumbili palikuwa na mifupa miwili imepishana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Sikukimbia kutafuta mtu. Nilificha. Nilifunika kuku kwa beseni. Nilisugua sufuria kwa majivu mpaka mikono ikauma. Pakiti nikaikunja nikaichomeka ndani ya gauni, nikiwaza kuichoma baadaye. Halafu nikawachukua wale watoto nikawaosha midomo kwa sabuni, Neema analia, mimi namwambia anyamaze. Nilidhani nikifuta rangi, jambo lenyewe litakuwa halijatokea.

Salma akashika tumbo. Akatapika mlangoni kwetu, akaniangalia kwa macho ya maji.

"Namtaka mama," alisema.

Nilimfunga Neema mgongoni kwa khanga ya Mama, nikamshika Salma mkono, tukakimbia. Njia ya kwenda uwanjani ilikuwa fupi siku zote, lakini siku hiyo iliongezeka. Mate ya Neema yalikuwa yananichuruzika shingoni. Kila alipokaa kimya nilimfinya paja ili alie, na alipolia nilishukuru. Getini watu walijaa, nikapita chini ya mikono yao. Karibu na matrekta Salma alikaa chini akatapika tena, na baba mmoja akauliza, "Huyu mtoto ana nini?" Nilimwinua nikamburuta.

Niliwaona kwa mbali, wamekaa nyuma ya karai wakicheka na mteja. Nilipofika, nilisimama mbele ya karai.

"Konso, nani kawaruhusu kuja?" Mama aliuliza.

"Kuku wamekufa."

"Kuku gani?"

"Wamekula bisi zangu."

Mama alicheka. Bado hakuwa ameelewa. Mama Salma ndiye aliyeacha mwiko wake ukazama kwenye mafuta. Alikuwa anamtazama bintiye.

"Na hawa je?" aliniuliza polepole. "Hawa pia wamekula?"

Nikatoa ile pakiti kifuani. Mama aliichukua, akaigeuza, na sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia tena. Aliita jina la Mungu kwa Kirundi. Karai lilibaki linachemka, bhajia zinaungua, nasi tukawa juu ya pikipiki mbili, Mama amemkumbatia Neema na mimi nimebanwa katikati. Mbele yetu khanga ya Mama Salma ikipepea.

Hospitalini nesi aliisoma pakiti, akasema mbegu hizo zimepakwa sumu ya kuua wadudu, akaita mwenzake, na ghafla watu wote waliovaa nguo nyeupe wakawa wanatembea haraka. Wadogo walipelekwa nyuma ya pazia. Nesi akarudi kwangu.

"Na wewe ulikula?"

"Hapana."

Niliogopa kwamba nikisema ndiyo nitachomwa sindano, na niliogopa zaidi kwamba nitakuwa nimekiri. Mama alinisogelea. Aliushika mkono wangu, akaufungua, akamwonesha nesi vidole. Majivu na sabuni vyote havikuwa vimetosha. Vidole bado vilikuwa vya pinki.

Tulilazwa sote watatu. Yale mahindi kuwa magumu ndiko kulikotuokoa, walisema; watoto walitema mengi kuliko waliyomeza. Kesho yake Neema aliomba uji, na Salma akaanza kugombania shuka na mtoto wa kitanda cha pili. Baba alisimama miguuni pa kitanda changu, kofia mkononi. Nilingoja anipige. Badala yake alisema, "Mimi ndiye niliyeichana ile pakiti," akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Nilidhani hofu imeisha. Kumbe ilikuwa inatungoja nyumbani.

Uchochoroni watu walinong'ona bila hata kupunguza sauti. "Si tulisema? Unamlishaje mtoto wako kwa watu wa kambini?" Wengine walisema ilikuwa makusudi, kwamba Mama alimwonea wivu Mama Salma kwa ajili ya duka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichota maji kwetu alihamia bomba la mbali. Mama alianza kupika mlango ukiwa umefungwa, moshi unamwingia machoni, na chakula kilichobaki alikifukia shimoni. Nilimsikia akimwambia Baba kwamba labda turudi kijijini alikokulia. Hakuna aliyevuka uchochoro kwa siku tano. Mama Salma sikumwona kabisa. Nilisikia tu mlango wake ukifunguliwa na kufungwa, na kila ulipofunguliwa nilijificha nyuma ya pipa, nikijua sasa anakuja kuniuliza kwa nini nilitaka kumuua mwanawe.

Alikuja Ijumaa mchana, wanaume wakirudi msikitini, uchochoro umejaa. Alikuwa amemshika Salma mkono, na mkono wa pili ana kigoda. Alikiweka nje ya mlango wetu, peupe, akakaa.

"Hodi, Mama Konso. Leo mmepika nini?"

Ndani, Mama alisimama kama mti. "Dengu," alijibu, sauti ndogo.

"Basi tupakulieni. Huyu mtoto ana njaa."

Mama hakuweza kusogea.

"Mwache Konso atupakulie," alisema Mama Salma. "Konso! Toka nyuma ya hilo pipa."

Nilipakua ugali na dengu. Nusu ya mchuzi niliumwaga chini. Nilipotoka na sahani, niliona watu wamesimama, wale wale, wakijifanya wanafunga viatu na kuzungumza na watoto. Mama Salma alimkalisha Salma mapajani, akaniambia nimlishe mimi kwa mkono wangu. Nilimega ugali, nikachovya. Salma alifungua mdomo bila kufikiri, kama alivyoufungua siku ile. Akatafuna, akameza, akasema, "Nyingine."

Mama Salma naye akala. Akazungumzia bei ya mkaa, joto, na treni iliyochelewa, kwa sauti ya juu, mpaka sahani ikaisha. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Yule mwanamke wa maji alirudi kesho yake na ndoo yake, akachota.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama Salma hakuwa mtu wa kuogopa. Nilimtazama kama watoto wanavyowatazama askari wa wanyamapori wanaopita Sitalike, kijiji cha karibu na mbuga, na bunduki begani. Mpaka nilipojifungua mwanangu wa kwanza, akaja kunipikia uji wa uzazi, na siku moja, mtoto amelala, nikapata nguvu za kumwomba msamaha. Alikuwa anakoroga. Hakugeuka.

"Unajua siku ile ulipomlisha Salma," alisema, "usiku uliotangulia sikulala. Baba yake alinikataza nisije. Nilihesabu kila tonge ulilomtia mdomoni. Nilikuwa naongea na mama yako kuhusu mkaa, na mkono wangu uko hapa, kwenye tumbo la mtoto, nasikiliza."

"Sasa kwa nini ulimleta?"

Aliinua mwiko, akaonja, akaongeza sukari kidogo.

"Mama yako alikuwa anapika amefunga mlango," alisema.

Akanipa kikombe, akakaa pembeni ya kitanda, akangoja ninywe.